Pete Seeger, banjo yake na sauti za watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa walimu wa kwaya, wanafunzi wa vyuo na wapenzi wa muziki wa Iringa, Njombe na Mbeya, ambao wengi wao wamewahi kuimba wimbo mmoja au miwili inayohusishwa na Pete Seeger bila kujua ilikotoka. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yenye utata. Pale jibu moja linapogusa lingine, namba ya swali imetajwa badala ya kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Pete Seeger alikuwa nani?

Alikuwa mwimbaji wa nyimbo za jadi, mtunzi na mpiga banjo wa Marekani, aliyezaliwa jijini New York tarehe 3 Mei 1919 na kufariki jijini humo tarehe 27 Januari 2014, akiwa na umri wa miaka 94. Kwa zaidi ya miaka 70 aliimba katika mikutano ya vyama vya wafanyakazi, katika harakati za haki za watu weusi, katika maandamano ya kupinga vita vya Vietnam na katika kampeni ya kusafisha Mto Hudson. Wapo waliokuwa na sauti nzuri kuliko yake, na wapo waliotunga nyimbo nyingi zaidi, lakini ni wachache mno walioweza kuliimbisha kundi la watu wasiofahamiana kama alivyoweza yeye. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye uwezo huo, hasa jibu la swali la 6.

2. Je, alitoka katika familia maskini, kama nyimbo zake zinavyodokeza?

Hapana. Baba yake, Charles Seeger, alikuwa mtaalamu wa muziki aliyefundisha chuo kikuu. Mama yake mzazi, Constance, alikuwa mpiga fidla. Na mama yake wa kambo, Ruth Crawford Seeger, alikuwa mtunzi anayeheshimika hadi leo. Baba huyo alipoteza nafasi yake katika chuo kikuu cha Berkeley baada ya kupinga waziwazi Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza, hivyo Pete alikulia katika nyumba iliyojua bei ya kusema usilotakiwa kusema.

Yeye mwenyewe aliingia Chuo Kikuu cha Harvard na kukiacha mwaka 1938. Baadaye alifanya kazi Washington chini ya Alan Lomax, katika hifadhi ya nyimbo za jadi ya Maktaba ya Bunge, ambako alikaa kusikiliza sahani za santuri zilizorekodiwa vijijini na magerezani. Mwaka 1940 alikutana na mtunzi Woody Guthrie, wakasafiri pamoja. Nyimbo za wachimba makaa na wavuna pamba, kwa hiyo, alijifunza akiwa mtu mzima, kama mgeni, na wapo wakosoaji waliomlaumu kwa hilo. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya lawama hiyo haina uzito mkubwa, kwa kuwa Seeger hakuacha kuwataja watu aliojifunza kwao. Pale alipokosea katika jambo hilo ni katika kisa kinachoelezwa kwenye swali la 12.

3. Banjo ni chombo gani, na kwa nini aliichagua badala ya gitaa?

Gitaa pia alilipiga, tena vizuri, hasa lile la nyuzi 12. Lakini mwaka 1936, akiwa na baba yake katika tamasha la nyimbo na ngoma za milimani huko Asheville, North Carolina, alisikia banjo ya nyuzi tano ikipigwa na watu wa huko, na tangu hapo hakuiacha. Chombo hicho asili yake ni Afrika Magharibi. Watumwa waliovushwa Atlantiki walikiunda upya kwa kibuyu, ngozi na nyuzi, na jamaa zake wa karibu, kama vile akonting ya Senegal na Gambia, bado wanapigwa. Msomaji wa Iringa aliyewahi kumsikiliza mzee wa Kihehe akipiga ligombo hatashangaa kwamba nyuzi chache zinatosha kubeba simulizi ndefu.

Banjo ya Seeger ilikuwa na mambo mawili ya pekee. La kwanza ni shingo yake, ambayo aliirefusha kwa freti tatu (vile vyuma vidogo vinavyoigawa shingo) ili aweze kushusha ufunguo hadi pale ambapo sauti yake, na ya mtu wa kawaida aliyeketi ukumbini, ingefika bila kujikamua. La pili ni maandishi aliyoyazungusha kwenye ngozi ya banjo, yakieleza kwamba mashine hiyo huizingira chuki na kuilazimisha isalimu amri. Gitaa la rafiki yake Guthrie lilikuwa limeandikwa kwamba linaua mafashisti. Anayetaka kujua tofauti ya tabia ya marafiki hao wawili anaweza kuanzia hapo.

## Nyimbo

4. Ni nyimbo zipi alizotunga yeye mwenyewe?

Zinazojulikana zaidi ni tatu, na zote zilipata umaarufu mkubwa kwa midomo ya wengine. "If I Had a Hammer" aliitunga mwaka 1949 pamoja na Lee Hays, na ikavuma baada ya kuimbwa na kundi la Peter, Paul and Mary mwaka 1962. "Where Have All the Flowers Gone" aliiandika mwaka 1955, akichukua fikra ya beti zake kutoka katika mistari michache ya wimbo wa Kikosaki iliyotajwa katika riwaya ya Mrusi Mikhail Sholokhov. Beti nyingine ziliongezwa baadaye na Joe Hickerson, na Seeger alimpa Hickerson sehemu ya mapato.

Wa tatu, "Turn! Turn! Turn!", ndio ambao wanakwaya wetu huutambua mara moja, maana maneno yake karibu yote ni ya Mhubiri sura ya 3, ile ya majira na wakati kwa kila kusudi chini ya mbingu. Seeger alitia muziki, akaongeza kiitikio na maneno machache ya mwisho yanayosema kwamba wakati wa amani haujapita. Kundi la The Byrds liliufikisha namba moja Marekani mwaka 1965.

5. Je, "We Shall Overcome" ni wimbo wake?

Si wake peke yake, naye hakudai hivyo. Mizizi yake imo katika nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi. Mwaka 1945 wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku huko Charleston, South Carolina, wengi wao wanawake weusi, waliuimba wakiwa kwenye mgomo. Baadhi yao waliupeleka katika shule ya wanaharakati ya Highlander, Tennessee, ambako Zilphia Horton aliushika, na yeye ndiye aliyemfundisha Seeger. Huenda ni Seeger aliyebadilisha neno moja, naye akaongeza beti. Mwaka 1957 aliuimba Highlander mbele ya Martin Luther King, na mwaka 1960 Guy Carawan aliwafundisha wanafunzi wa harakati za haki za kiraia, ambao ndio walioufanya uwe wimbo wa kuimbwa watu wameshikana mikono iliyopishanishwa kifuani.

Safari ya namna hii isimshangaze Mtanzania. Muziki wa "Mungu Ibariki Afrika" ulitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, na hakuna anayeuimba uwanjani kwa hisia pungufu kwa sababu hiyo.

6. Aliwezaje kuwaimbisha watu wasioujua wimbo?

Hili ndilo swali ambalo walimu wa kwaya hulirudia kuliko yote, na linastahili jibu refu. Seeger alikuwa anautaja mstari kwa haraka, kwa sauti ya kuzungumza, katika ule upenyo mdogo uliopo kabla mstari huo haujaimbwa. Msikilizaji hakuhitaji karatasi wala kukariri. Alipokea maneno manne au matano, akayaimba, na kabla hajamaliza alikuwa ameshapewa mengine. Banjo iliendelea kupiga chini ya maneno hayo bila kusimama, ili mdundo usikatike. Akisikia watu wameshika kiitikio, aliacha kukiimba na kuhamia sauti ya juu au ya chini, akiwaachia wimbo mikononi mwao.

Baada ya hapo aligawa sauti. Aliwaomba wanaume wabaki chini, akawaonyesha wanawake mstari wa juu mara moja tu, kisha akainua kidevu na kuimba akiwatazama waliokaa nyuma kabisa. Ukumbi wa Carnegie Hall wa New York, uliojaa mnamo Juni 1963, ulisikika kwenye rekodi ya tamasha hilo kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu wa kwaya wa kwetu, aliyezoea kusahihisha do-re-mi na kumnyamazisha anayeimba nje ya ufunguo, huenda asilipende: Seeger hakumsahihisha mtu. Aliyekosea sauti aliachwa aimbe. Kwa mashindano ya kwaya njia hiyo haifai hata kidogo. Kwa mkutano wa watu walioitwa kudai haki yao bila fujo, ambako shida kubwa ni woga na si sauti, inafaa kabisa, na hapo ndipo muziki wake na siasa yake vinapokuwa kitu kimoja.

## Siasa, vita na mahakama

7. Je, alikuwa mkomunisti?

Ndiyo, kwa kipindi fulani. Alijiunga na umoja wa vijana wa kikomunisti akiwa mwanafunzi, akaingia chamani mwaka 1942, na akajitoa karibu na mwaka 1949. Tangu wakati huo hakuwa mwanachama, ingawa aliendelea kujiita mkomunisti kwa maana pana ya mtu anayeamini kwamba mali igawanywe kwa haki. Alichelewa sana kumkosoa Stalin. Katika miaka ya 1990 aliomba radhi kwa maandishi, na mwaka 2007 alitunga wimbo wa kumlaani. Waliomtetea kwa kila jambo hupenda kuruka sehemu hii, lakini yeye mwenyewe hakuiruka.

8. Kama alikuwa mtu wa amani, mbona alikwenda vitani?

Kwa sababu hakupinga kila vita. Mwaka 1941 kundi lake la Almanac Singers lilitoa nyimbo za kupinga Marekani kuingia vitani. Ujerumani ilipoivamia Urusi mwezi Juni mwaka huohuo nyimbo hizo ziliondolewa sokoni na kundi likageuka kuunga mkono vita dhidi ya Hitler. Aliyeona ukigeugeu hapo hakukosea. Seeger aliitwa jeshini mwaka 1942 na kupelekwa hadi kisiwa cha Saipan katika Pasifiki, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kuwaburudisha askari.

Hata akiwa askari aliandika barua kupinga pendekezo la kuwafukuza nchini watu wote wenye asili ya Japani, wakiwamo raia. Barua hiyo iliwafanya wapelelezi wamfungulie faili, ambalo liliendelea kunenepa kwa miongo mingi hadi karibu kurasa 1,800.

9. Ilikuwaje akashtakiwa, na je, alifungwa?

Tarehe 18 Agosti 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka watu walioshukiwa kuwa wakomunisti. Mashahidi wengi wa wakati huo walijikinga kwa Marekebisho ya Tano ya Katiba, yanayompa mtu haki ya kutojitia hatiani. Njia hiyo ilimwokoa mtu na jela, ingawa ilimwacha akinuka hatia. Seeger aliikataa. Alisema kwamba imani yake, siasa yake na watu anaoshirikiana nao ni mambo ambayo hakuna raia anayepaswa kuulizwa kwa kulazimishwa, akakataa kujibu bila kukimbilia kinga hiyo. Alikuwa tayari kuzungumzia nyimbo zake, lakini si kutaja mbele ya nani aliziimba. Alijua hatari yake, kwa kuwa waandishi na waongozaji wa filamu kumi waliotumia hoja ya uhuru wa maoni kabla yake walikwishafungwa.

Mwaka 1957 alishtakiwa kwa makosa 10 ya kulidharau Bunge. Kwa miaka kadhaa iliyofuata alilazimika kutoa taarifa kila alipotaka kusafiri nje ya eneo la mahakama ya New York. Mwaka 1961 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, lakini akawa nje kwa dhamana, na Mei 1962 mahakama ya rufaa ilifuta hukumu hiyo kwa sababu hati ya mashtaka ilikuwa na kasoro. Kwa hiyo, kifungo hicho hakukitumikia.

10. Alipata wapi riziki wakati amefungiwa?

Kundi lake la The Weavers, ambalo mwaka 1950 lilishika namba moja kwa wiki 13 kwa wimbo "Goodnight, Irene" wa Lead Belly, lilinyimwa redio na kumbi hadi likavunjika mwaka 1952. Lilirudi Carnegie Hall mwaka 1955, na Seeger akaliacha mwaka 1958 baada ya wenzake kukubali kuimba tangazo la sigara. Runinga kubwa za taifa zilimfungia hadi mwaka 1967, na hata alipoalikwa mwaka huo wimbo wake wa kukejeli vita vya Vietnam ulikatwa. Ulirushwa Februari 1968.

Katikati ya hapo aliishi kwa kuimba mashuleni, vyuoni, makanisani na katika kambi za watoto, na kwa kurekodi santuri nyingi za kampuni ndogo ya Folkways. Waliomfungia walidhani wamemzika. Matokeo yake ni kwamba watoto aliowaimbia katika miaka ya 1950 ndio waliojaza maandamano ya miaka ya 1960, huku wakizijua nyimbo kwa kichwa.

11. Je, aliwahi kushambuliwa?

Ndiyo. Tarehe 4 Septemba 1949, baada ya tamasha la mwimbaji mweusi Paul Robeson karibu na Peekskill, New York, magari ya watazamaji yalirushiwa mawe na watu waliojipanga kando ya barabara. Gari la Seeger, akiwa na mkewe na watoto wadogo, lilivunjwa vioo. Baadhi ya mawe yaliyoingia garini aliyajengea kwenye bomba la moshi la nyumba ya magogo aliyoijenga kwa mikono yake juu ya Mto Hudson, karibu na Beacon.

## Masuala yenye utata na ya pembeni

12. Ni kweli kwamba wimbo wa "Wimoweh" ulichukuliwa kwa Mwafrika bila malipo?

Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi "Mbube" jijini Johannesburg mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa malipo ya shilingi 10. Sahani ilimfikia Seeger kupitia Lomax. Akaandika alichokisikia, na The Weavers wakautoa kwa jina la "Wimoweh" katika miaka ya mwanzo ya 1950. Mwaka 1961 kundi jingine liliutoa kwa maneno mapya kuhusu simba aliyelala, ukavuma dunia nzima. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini.

Seeger alimtumia Linda dola 1,000 na kuwaagiza wachapishaji wampelekee mapato, lakini hakufuatilia ipasavyo, na baadaye alisema wazi kwamba anajutia hilo. Warithi wa Linda walifungua kesi mwaka 2004, ikiihusisha pia kampuni ya Disney, na mwaka 2006 ikamalizika kwa makubaliano. Nia njema isiyofuatiliwa haikumlisha mtu Soweto, na kisa hiki kinafaa kusimuliwa kwa kila msanii wa Mbeya anayesaini karatasi asiyoisoma.

13. Mke wake alikuwa na nafasi gani?

Kubwa kuliko anavyotajwa. Toshi Ohta, ambaye baba yake alikuwa Mjapani na mama yake Mmarekani, aliolewa na Seeger mwaka 1943 na kufariki Julai 2013, siku chache kabla ya ndoa yao kutimiza miaka 70. Alipanga safari na mikataba, alisimamia kipindi cha runinga cha mumewe cha miaka ya 1960, alipiga picha za filamu na kulea watoto katika nyumba ambayo mwanzoni haikuwa na umeme wala maji ya bomba. Mwaka 1964 familia nzima ilikuwa Ghana, ambako waliwarekodi kwa filamu wavuvi wakiimba huku wakivuta kasia.

14. Kwa nini mwanamuziki alijihusisha na mto?

Kwa sababu mto huo ulipita chini ya nyumba yake ukinuka. Hudson ulipokea maji taka ya miji na takataka za viwanda, na viwanda viwili vya kampuni ya General Electric vilimwaga humo kemikali za PCB kati ya mwaka 1947 na 1977. Seeger hakuanza na kesi wala mabango. Alianza na mashua. Kwa fedha za matamasha, yeye na wenzake waliunda jahazi la tanga la Clearwater, lenye urefu wa karibu mita 32, lililoshushwa majini mwaka 1969. Jahazi lilitia nanga mji hadi mji, watoto wakapandishwa kuvuta wavu na kutazama samaki, na jioni watu wakaimba gatini. Wengi wa wakazi wa miji hiyo walimwona kuwa msaliti wa nchi, lakini walikuja kuliona jahazi. Sheria ya shirikisho ya maji safi ilipitishwa mwaka 1972 kwa juhudi za watu wengi, na kazi ya kuchota tope lenye PCB ilianza mwaka 2009, yeye akiwa na miaka 90.

Kwa wasomaji wa Mbarali na Iringa mlinganisho unajileta wenyewe. Ruaha Mkuu, unaotoka katika bonde la Usangu, ulianza kukauka wakati wa kiangazi katika miaka ya 1990, na mgogoro wake, ulio kati ya mashamba ya mpunga, mifugo, hifadhi na mabwawa ya umeme, ni mgumu kuliko wa Hudson, kwa sababu huku hakuna kiwanda kimoja cha kunyooshewa kidole. Njia ya Seeger ingefaa katika sehemu yake ya kwanza tu: kuwakutanisha watumiaji wa juu na wa chini mahali pasipo na mashtaka.

15. Je, ni kweli alitaka kukata nyaya kwa shoka wakati mwimbaji Bob Dylan alipopiga gitaa la umeme mwaka 1965?

Alikiri kusema kwamba angekuwa na shoka angekata waya wa kipaza sauti, kwa sababu sauti ilivurugika na maneno hayakusikika. Shoka halikuwapo.

16. Je, kwaya yetu inaweza kuimba nyimbo zake, kuzitafsiri au kuzirekodi?

Inategemea wimbo. Nyimbo za jadi alizoziimba si mali yake, na yeyote anaweza kuzitumia, mradi asinakili mpangilio wa mtu mwingine. "We Shall Overcome" ulikuwa umesajiliwa, na mapato yake yalikwenda kwenye mfuko wa kusaidia jamii za watu weusi wa Kusini. Baada ya kesi iliyomalizika mwaka 2018 wimbo huo uliachwa huru kwa umma.

Nyimbo za swali la 4 bado zinalindwa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na tafsiri huhesabiwa kuwa kazi inayohitaji ruhusa. Kuhusu ule wa Mhubiri, maneno ya asili ya Biblia hayana mwenyewe, ingawa tafsiri fulani inaweza kuwa naye, lakini muziki ni wa Seeger, kwa hiyo kuweka maneno ya Biblia ya Kiswahili juu ya muziki huo kisha kuurekodi ni jambo la kuombewa kibali. Mwalimu wa kwaya asiyejua aanzie wapi na aanze kwa kuuliza COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, akiwa na jina kamili la wimbo na majina ya watunzi wake wote, kabla ya kulipia studio.